UZI: Siku moja na familia Cape Town – mnara wa taa asubuhi, mashamba ya divai mchana

MwanaKamalondo (mwenye uzi)

Wakubwa na wadogo, yambo yenu wote. Tangu watoto wawaonyeshe majirani picha za Pasaka, simu yangu haitulii. Huyu anauliza viza, yule anauliza kama divai inaonjwa bure, mwingine anataka kujua mnara wa taa una kitu gani cha kumvuta mtu aliyezaliwa hapa kwetu Lubumbashi, kwenye kivuli cha shemine, lile bomba la moshi la kampuni ya shaba ya Gécamines. Naandika mara moja, kila mtu asome hapa.

Tulikuwa mimi na mke wangu, mama mzazi, watoto, na mdogo wangu anayeishi Parow, kitongoji cha Cape Town, ambaye ndiye aliyeendesha gari. Mama hanywi pombe, hajawahi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu najua litakalofuata hapa chini.

Ushauri wa kwanza ni mpangilio wa siku: mnara kwanza, divai baadaye. Cape Point iko mwisho kabisa wa rasi, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka mjini, na kadiri jua linavyopanda ndivyo mabasi ya watalii yanavyojaa na upepo unavyoongezeka. Constantia, kwenye mizabibu, iko njiani mnaporudi. Ukigeuza mpango utafika mnarani alasiri, wewe umechoka, watoto wamelala, na hifadhi iko karibu kufungwa.

Tulishuka kwa upande wa mashariki: Muizenberg, Kalk Bay, Simon's Town, bahari iko mkono wa kushoto karibu njia nzima. Watoto wetu ni wa nchi kavu, maji makubwa waliyokuwa wanayajua ni ya ziwa Tshangalele. Kuanzia Muizenberg hapakuwa na mazungumzo mengine ndani ya gari. Pale Simon's Town kuna ufuo wa Boulders wenye pengwini wa Kiafrika, ambao walianza kukaa hapo mwaka 1982. Tulisimama kidogo tu. Wanapendeza, lakini wananuka, na hilo kwenye picha za watu halionekani.

Sasa mnara. Kuna miwili, na hapo ndipo utamu ulipo. Wa zamani uko juu kileleni, zaidi ya mita 230 kutoka usawa wa bahari, mnara mfupi wa chuma uliowashwa mara ya kwanza tarehe 1 Mei 1860. Waliouweka waliwaza kama sisi wote tungewaza: taa ikikaa juu zaidi, itaonekana mbali zaidi. Ikawa kweli, tena kupita kiasi. Meli zilizotoka magharibi ziliiona mapema mno, zikajiamini, zikakata kona karibu na mawe. Na siku za ukungu, ambazo pale si haba, wingu lilikaa juu kileleni likafunika taa yote, wakati chini kwenye maji mtu anaona vizuri. Yaani taa inawaka, mlinzi yuko macho, mafuta yapo, na baharia haoni kitu.

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1911 meli ya abiria ya Wareno, Lusitania, ilipanda mwamba uitwao Bellows chini ya mnara huohuo, ndani ya ukungu. Msiichanganye na ile Lusitania ya Waingereza iliyopigwa na Wajerumani mwaka 1915. Ilikuwa na watu zaidi ya 700, na karibu wote waliokolewa. Lakini baada ya hapo hapakuwa na ubishi tena. Wakajenga mnara wa pili chini, kwenye ncha ya rasi, mita 87 tu juu ya maji, ukaanza kazi mwaka 1919. Huo ndio unaofanya kazi hadi leo, na mwanga wake ndio wenye nguvu kuliko wote katika pwani ya Afrika Kusini.

Kwa hiyo wanachopanda watalii wote, wanachopiga picha, ni ule ulioshindwa. Ule unaookoa watu uko chini, hauingiliwi, na wengi wanarudi bila kuuona. Kuna njia ya miguu kwenye mgongo wa mlima inayowapeleka hadi mahali pa kuutazama kwa juu. Ifuateni. Binti yangu mkubwa aliuliza kwa nini hawakujenga chini tangu mwanzo, mdogo wangu akamjibu kwamba mwanzo wote walikuwa wanautazama mlima, hakuna aliyekuwa anautazama ukungu. Jibu zuri kuliko lililoandikwa kwenye kibao.

Habari za divai naandika jioni, nikirudi kazini.

Cheminot mstaafu

Mwanangu, umeniamsha. Sisi wa reli Cape Town tuliijua kabla ya kuiona, maana njia yetu ilitoka huko. Reli iliyoanzia Rasi, yaani Cape, ikapita Kimberley, Bulawayo, maporomoko ya Zambezi na Broken Hill, ikafika hapa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910, mji wenyewe ukiwa ndiyo kwanza unapimwa viwanja. Mpaka leo upana wa reli zetu ni milimita 1,067, uleule wa Rasi. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie kwa njia hiyo.

Na huo mwaka wa meli kuzama, 1911, ndio mwaka tanuri la Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, lilipomwaga shaba ya kwanza hapa Lubumbashi. Nimefurahi kuona mambo hayo mawili yalikuwa ya mwaka mmoja. Nilikuwa sijawahi kuyaweka pamoja.

MwanaKamalondo

Aksanti mzee. Siku nyingine utuandikie uzi wa hiyo reli, tutakaa kimya tusome.

Katuba_Juu

Yaya umesahau kitu kikubwa. Pale Cape Point ndipo bahari mbili zinapokutana, Hindi na Atlantiki. Mjomba wangu alisimama akaona mstari kabisa, huku bluu, huku kijani.

Mwalimu wa jiografia

Mjomba aliona rangi ya maji tu, na hiyo hubadilika kwa mchanga, kina na mawingu. Mpaka unaokubalika wa bahari hizo mbili uko Cape Agulhas, ambayo ndiyo ncha ya kusini kabisa ya Afrika, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kutoka Cape Town. Cape Point si ncha ya mwisho ya bara hata kidogo. Ni ncha ya rasi ndogo tu inayoning'inia upande wa magharibi.

Agulhas nako kuna mnara wa taa, ambao uliwashwa mwaka 1849, umejengwa kwa kuiga ule wa kale wa Misri, Aleksandria, na ndani kuna makumbusho. Karibu yake kuna kijiji cha Elim, ambacho wamisionari wa Moravian walikianzisha mwaka 1824, na siku hizi eneo lote hilo linalimwa mizabibu. Mwenye muda wa kulala huko apange hivyo. Kwenda na kurudi kwa siku moja na watoto sikushauri.

Katuba_Juu

Sawa mwalimu. Mjomba nitamwambia wewe ndiye umesema, si mimi.

Mama Pascaline

Yambo papa. Mi niko na swali moya tu. Mama yangu magoti inamuuma, hawezi kupanda ngazi mingi. Kile kitreni cha kule kinafikisha mutu juu kabisa, ao kinamuacha katikati? Na batoto badogo banaruhusiwa kuingia mu mashamba ya divai?

MwanaKamalondo

Mama Pascaline, kitreni kinavutwa kwa kamba, kinapandisha karibu njia yote, lakini si hadi mguuni pa mnara. Ukishuka kituo cha juu bado kuna ngazi za mawe. Mama yangu alipanda polepole, anapumzika, anaomba, anapanda tena. Asiyeweza anabaki kituoni, na hata hapo bahari inaonekana pande zote mbili. Mwambie avae nguo nzito na kitambaa cha kufungwa vizuri. Upepo wa pale si wa kuchezea. Tulimwona mzungu mmoja akikimbiza kofia yake kuelekea kwenye mteremko, mkewe anampigia kelele aiache.

Juu kuna nguzo yenye mishale ya miji ya dunia na umbali wake. Watoto waliizunguka wakitafuta Lubumbashi. Haipo, wakanuna.

Chakula msikibebe mkononi. Nyani wa pale wamezoea watu, wanafungua milango ya magari, wananyang'anya mikate kweupe. Kuleni ndani ya gari madirisha yamefungwa, au subirini Constantia.

Watoto kwenye mashamba ya divai wanaruhusiwa. Hawapewi divai, umri wa pombe kule ni miaka 18, ila mashamba mengi yana nyasi za kuchezea na juisi ya zabibu.

Mtumishi_Ruashi

Samahani papa, nauliza kwa heshima. Mtu wa imani unawezaje kumchukua mama yako mzazi, tena mtu wa kwaya, na watoto wadogo, ukawapeleka kiwandani kwa pombe? Hapa kwetu tunapigana na lutuku, gongo yetu ya kienyeji, kila siku, tunazika vijana, halafu tunawafundisha watoto kwamba ulevi wa tai na glasi nyembamba ni utalii.

MwanaKamalondo

Mtumishi, swali lako nimelisikia, na la lutuku sina ubishi, katika ukoo wetu pia tumezika.

Nikwambie tu jinsi ilivyokuwa. Aliyefurahi zaidi shambani ni mama. Maisha yake yote amesikia mizabibu kwenye Injili, ameimba mizabibu, ameifundisha katekisimu, na hajawahi kuuona mzabibu. Kule Groot Constantia njia za mawe zinapita katikati ya mistari ya mizabibu. Akashika jani, akaligeuza, akauliza matawi yanakatwa wapi. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa anapita akamwonyesha kwa mikono, maana lugha haikupita: shina la zamani linabaki, matawi ya mwaka jana yanapogolewa wakati wa baridi, na zabibu zinakuja kwenye machipukizi mapya. Mama akatuita wote, akaanza kutuhubiria palepale, kofia imemkaa upande. Tulipoingia kuonja yeye alikaa nje chini ya mwaloni na watoto, akanywa juisi. Hakuna aliyemdharau.

Lakini kama mtu anajua nyumbani kwake kuna ndugu anayepigana na chupa, asimpeleke. Hapo nakubaliana nawe kabisa.

Mtumishi_Ruashi

Sawa. Bado mimi sitaenda, ila hilo la mama limenigusa.

Kasumbalesa Express

Tuje kwenye pesa wakubwa. Tiketi ya ndege, viza, hoteli, mlango wa hifadhi, kuonja. Kwa pesa hiyo si bora mtu aende Lofoi akaone maporomoko ya mita 340, maji ya nchi yake mwenyewe?

MwanaKamalondo

Kaka, Lofoi ni kubwa kuliko chochote nilichokiona kule, sikatai. Nioneshe tu gari lako baada ya ile barabara, ndipo tuongee gharama.

Kwa wanaotaka mambo ya makaratasi: pasipoti yetu inahitaji viza ya Afrika Kusini, anza mapema. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano lazima, bila hiyo utashushwa hata kabla ya kupanda. Hoteli sisi hatukulipa, tulilala Parow kwa mdogo wangu, wanne kwenye chumba kimoja. Getini kwenye hifadhi za taifa za kule raia ana bei yake, mtu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ana bei yake, mgeni wa mbali ana bei yake. Kongo ni mwanachama wa SADC, kwa hiyo toeni pasipoti, ulizeni bei ya SADC kabla ya kulipa. Kuonja divai si bure: unalipa kiasi, wanakuwekea glasi kadhaa zenye kidogo kidogo, na chombo cha kutemea kiko mezani. Kutema si aibu, wenye kazi hiyo wote wanatema. Mke wangu alikataa katakata, anasema hajalipa ili ateme.

Dada_BelAir

😂😂 Shemeji wetu yuko sahihi. Lakini papa jioni imepita, tunasubiri hiyo divai.

MwanaKamalondo

Haya, divai.

Groot Constantia ndilo shamba la zamani zaidi la divai Afrika Kusini. Simon van der Stel, gavana wa kampuni ya Waholanzi, alipewa ardhi hiyo mwaka 1685. Divai ya kwanza ya Rasi ilikuwa imeshakamuliwa kabla yake, mwezi Februari 1659, Jan van Riebeeck akaandika kwenye daftari lake akimshukuru Mungu. Lakini ni Constantia iliyopata jina. Baada ya 1778 shamba lilikuwa la Hendrik Cloete, na divai yake tamu ikawa inanywewa na wafalme wa Ulaya. Napoleon alipofungwa kwenye kisiwa cha Saint Helena alikuwa anapelekewa, hadi alipokufa mwaka 1821.

Utamu wake hautoki kwenye sukari ya kuongezwa. Wanaziacha zabibu za muskati kwenye mti zaidi ya wakati wake, zinanyauka, maji yanapungua, sukari inabaki nyingi kwenye tunda dogo. Ndiyo maana ni ghali: mzabibu mzima unatoa kidogo sana. Baadaye shamba likafilisika, serikali ikalinunua mwaka 1885, wadudu wa filoksera wakaila mizizi ya mizabibu ya Rasi, na divai ile ikapotea karibu miaka mia. Jirani yao Klein Constantia ndio walioirudisha, kuanzia zabibu za 1986, wanaiita Vin de Constance. Tuliiona kwenye rafu, tukasoma bei, tukaendelea na safari yetu.

Nyumba kubwa ya zamani iliungua mwaka 1925 ikajengwa upya ilivyokuwa. Nyuma yake kuna ghala la divai la 1791 lenye michongo ya Anton Anreith juu ya mlango: watoto wanene uchi, mapipa, na ndege tai. Wanangu walicheka sana, nikashindwa kuwakemea.

Mwalimu wa jiografia

Papa, umesimulia vizuri, lakini waliolima ni nani? Van der Stel na Cloete hawakushika jembe. Walikuwa watumwa. Wakoloni wa Rasi waliwaleta kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa pale tarehe 1 Desemba 1834, na hata hapo walilazimishwa kuendelea na mabwana zao kwa miaka minne, wakiitwa wanafunzi wa kazi. Na la ajabu ni kwamba huyo van der Stel mwenyewe, aliyezaliwa Mauritius mwaka 1639, alikuwa na damu ya Kihindi kwa upande wa mama.

MwanaKamalondo

Nilikuwa naelekea huko mwalimu. Ndani ya ile nyumba ni makumbusho, na sehemu ya maonyesho ni ya watumwa. Nawashauri muanze hapo kabla ya kuonja. Wengi wanafanya kinyume, au hawaingii kabisa: wanapiga picha mbele ya ukuta mweupe, wanaagiza glasi, wanaondoka. Mke wangu alitoka mle ndani amenyamaza, na kwenye meza ya kuonja alikuwa anaishika glasi kwa namna nyingine. Mimi sikuona sababu ya kususia divai, aliyeilima ana haki ya kutajwa wakati inanywewa. Yeye anaona tofauti kidogo, na mpaka leo hatujaelewana.

Muuguzi_Kampemba

Naongeza jambo ambalo vitabu vya watalii havisemi. Kwa muda mrefu wafanyakazi wa mashamba ya divai ya Rasi walilipwa sehemu ya mshahara wao kwa divai yenyewe, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Waliuita mfumo wa dop. Sheria ilikuja kuukataza, ukaendelea kimyakimya. Matokeo yake yako kwenye wodi: jimbo la Western Cape ni kati ya sehemu za dunia zenye idadi kubwa kabisa ya watoto waliozaliwa wameharibiwa na pombe tumboni mwa mama. Ubongo haukui sawa, sura inabadilika, na hakuna dawa.

Sisemi watu wasiende. Nasema mama mjamzito asionje hata kidogo, hata kama mhudumu anamwambia ni tone tu.

Mtumishi_Ruashi

Asante muuguzi. Hiyo ndiyo niliyokuwa natafuta maneno yake.

Kasumbalesa Express

Mimi sasa ndio nimepata hamu ya kwenda, kwa makumbusho peke yake. Kinywaji changu ni bia ya Simba, sitaki kudanganya. Lakini nikifika pale nikaulizwa nataka nini, niseme nini nisionekane mjinga?

MwanaKamalondo

Hakuna anayekuangalia. Mwambie mhudumu kweli: mimi ni mtu wa bia, nionjeshe. Wataanza na nyeupe, mara nyingi Sauvignon blanc, inayopenda ubaridi wa ile hewa ya bahari. Ni kali kidogo mdomoni, inafanana na ndimu. Kwa mtu wa bia mimi ningemwambia aruke hadi Pinotage. Hiyo ni zabibu yao wenyewe, profesa Abraham Perold aliipata Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot noir na Cinsaut. Ni nyekundu, nzito, ina moshi kidogo, inakwenda na nyama ya kuchoma. Wajuzi wengine wanaidharau. Mimi ndiyo niliyonunua.

Chupa ziwekeni kwenye mzigo wa chini, zifungwe ndani ya nguo. Mkononi hazipiti, ukaguzi wa ndege za kimataifa hauruhusu kimiminika zaidi ya mililita 100 kwa chombo kimoja.

Dada_BelAir

Na wakati? Sisi watoto wako huru likizo kubwa tu, Julai na Agosti.

MwanaKamalondo

Dada, hapo ndipo watu wa Katanga wanapoingia mtegoni. Julai kwetu ni kiangazi, mbingu safi, baridi ya asubuhi basi. Cape Town mambo ni kinyume: mvua yao inanyesha wakati wa baridi, Juni hadi Agosti, na mizabibu iko uchi, imepogolewa, ni vijiti tu. Mnara utaupanda ndani ya wingu, kama walivyoupanda walinzi wake. Likizo ya Noeli kuna jua, lakini upepo wa kusini-mashariki unavuma kweli na bei zote zinapanda. Pasaka ndiyo niliyoipenda: mavuno yanakuwa yameisha au yanaishia, majani yanaanza kugeuka rangi, upepo umetulia. Likizo ni fupi, ila kwa siku hii moja inatosha.

Asiyeweza kwenda hadi Cape Point, kwa mfano ana siku moja tu ya kubadilisha ndege, kuna mnara mwingine mjini kabisa, Green Point, wa mwaka 1824, wa zamani kuliko yote inayofanya kazi nchini humo. Umepakwa mistari myekundu na myeupe ya mshazari, uko kando ya barabara ya kutembea ufukweni. Na basi jekundu la watalii lina njia inayofika Constantia, ambayo inaondoa kabisa ubishi wa nani ataendesha.

Katuba_Juu

Hapo kwa dereva ndipo nilipotaka kuuliza. Mdogo wako alionja au hakuonja? Maana mimi namjua huyo kijana tangu Kamalondo.

MwanaKamalondo

😂 Hakuonja. Sheria yao inakata kwenye gramu 0.05 za pombe kwa mililita 100 za damu, glasi mbili tu zinaweza kukufikisha, na polisi wa barabarani wa kule hawaombi sigara, wanakupulizisha. Kabla ya kutoka nyumbani tulikubaliana: yeye maji na juisi hadi Parow, sisi tunamlipia chakula chote cha mchana na chupa moja ya kuchagua mwenyewe. Akachagua ya bei kuliko zetu zote. Kwa hiyo mkipanga, semeni na bei ya hiyo chupa mapema.

Mama Pascaline

Aksanti papa. Tunaanza kukusanya makuta, tutaenda Pasaka. Mama nimemwambia habari ya mzabibu, sasa anasema magoti haimuumi tena.